Tupeane uzoefu: kalori za mbio ndefu, baiskeli, mlima na jembe mnazikadiria vipi?

Mkimbia_Jioni (Dar es Salaam)

Wakuu, maandalizi ya Kilimanjaro Marathon yameshapamba moto, na kwenye kundi letu la mchakamchaka ubishi wa Jumamosi ni uleule: nani kachoma nyingi. Wawili wanakimbia njia moja, Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite, wanazunguka mpaka zinatimia kilomita 12. Uzito wao unakaribiana, 75 na 76. Saa ya mmoja inasema 900, ya mwenzake 1,400. Huyo wa 1,400 anakwenda kuagiza chipsi mayai na mishikaki juu, kwa amani kabisa.

Nianze na hesabu ninayoitumia mwenyewe. Kwa kukimbia barabara tambarare, zidisha uzito wako kwa kilomita. Basi. Kilo 75 mara kilomita 12 ni 900 (nasema kalori zile za kwenye paketi ya biskuti, yaani kilokalori). Ukikimbia kasi unamaliza mapema, ukikimbia taratibu unachelewa, ila jumla inabaki palepale kwa tofauti ndogo. Kwa kutembea, chukua kama nusu ya hapo. Kwa hiyo mwenye 900 saa yake ilikuwa mkweli, na huyo mwingine chipsi zake azilipie kwa njia nyingine.

Kazi nyingine zisizo na kilomita zina kipimo kinaitwa MET. MET 1 ni mtu aliyetulia kitini: takriban kalori 1 kwa kila kilo kwa kila saa. Shughuli ya MET 5 inakula mara tano ya hapo. Kuna orodha ndefu iliyotolewa Marekani na Barbara Ainsworth na wenzake mwaka 1993, ikarudiwa 2000, 2011 na 2024, na mashine nyingi za gym na programu za simu zinachota humo.

Leteni vya kwenu. Taja uzito, shughuli, kifaa kilisema ngapi, na ulijuaje kama ni kweli. Hicho cha mwisho ndicho ninachokitaka zaidi.

Pedali_Limuru (Kenya)

Sisi wa baiskeli tuna bahati moja, tunaweza kupima kazi yenyewe badala ya kuikisia. Nina kipima nguvu kwenye pedali, kinahesabu wati. Wati 150 kwa saa nne na nusu ni kilojuli 2,430. Misuli ya mwendesha baiskeli inageuza kama asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati kuwa kazi, iliyobaki inatoka kama joto. Na kwa kuwa kilokalori moja ni kilojuli 4.18, unagawa kwa 4.18 halafu unazidisha kwa nne na kitu, zinakaribia kufutana, kwa hiyo kilojuli za kwenye pedali ndizo karibu kalori ulizochoma. 2,430 kwa 2,400 hivi. Hakuna haja ya hesabu nyingine.

Sasa njia ile ile, Limuru kuteremka hadi Mai Mahiu, kwenda Naivasha na kurudi, programu ya simu isiyo na kipima nguvu ilinipa 3,400. Sababu naijua: inaangalia mwendo. Nikiteremka ile escarpment kwa kilomita 55 kwa saa, miguu imetulia, mkono uko kwa breki, yenyewe inadhani ninakufa kwa kazi. Halafu upepo wa Naivasha ukinikamata nikiwa kilomita 18 kwa saa huku natoa jasho la damu, inaona ninapunga hewa.

Mwenye hana kipima nguvu ahesabu saa za kupiga pedali peke yake, asitie za kuteremka.

Mama_Shamba (Iringa)

Naomba na sisi wa jembe tuhesabiwe, maana kila siku mada za mazoezi ni za watu wenye raba za bei.

Mimi nina kilo 62. Kulima kwa jembe la mkono kunawekwa kwenye MET 5 hivi. Ukiingia shambani saa kumi na mbili asubuhi ukatoka saa sita mchana, ni saa sita, kwa hiyo 62 mara 5 mara 6, unapata 1,860. Binti yangu anayesoma chuo alinipigia hiyo hesabu kwenye simu akanipa pongezi. Nikamwambia mwanangu, hiyo ni hesabu ya mtu asiyejua shamba. Nani analima saa sita mfululizo? Kuna kunoa jembe, kuna uji, kuna kusimama na jirani mpakani, kuna kufukuza mbuzi wa watu. Kulima kwenyewe ukikuta saa nne, umejitahidi. Saa nne za jembe ni 1,240, mbili za kusimamasimama ni kama 190. Jumla 1,430.

Na hapo bado. Hata ningekaa nyumbani saa hizo sita mwili ungekula 370 bila kunyanyua kitu. Kwa hiyo shamba lenyewe limeongeza kama 1,060. Kutoka 1,860 tumeshuka hadi 1,060 na sijapunguza jasho hata tone.

Kwa kazi ya nusu saa gym hili halikusumbui sana. Kwa kazi ya siku nzima ndipo panapoharibika kila kitu, kwa sababu saa za kupumzika na kalori za kuishi tu zinaingizwa kwenye jina la kazi.

Kijana_wa_Gym

Mama_Shamba heshima yako 🙌🏾 Mimi kwenye mashine ya kukimbilia naweka mwinuko 12, nashika vyuma vya pembeni, inanipa 700 kwa saa. Vipi hapo?

Mama_Shamba (Iringa)

Achia vyuma kwanza, vinakubebea uzito na mashine haijui, halafu uniambie inakuwaje.

Kijana_wa_Gym

😂😂 Nimeelewa shikamoo.

Mpagazi_Mstaafu (Moshi)

Marahaba kwa niaba. Nimebeba mizigo mlimani Kilimanjaro kabla sijawa mwongozaji, acha niwape ya usiku wa kileleni.

Njia ya Machame, kambi ya mwisho ni Barafu, kama mita 4,670. Kilele cha Uhuru ni 5,895. Unapanda mita 1,220 hivi. Mgeni wa kilo 80 pamoja na nguo na begi: kuinua kilo 80 kwa mita 1,220 ni kilojuli kama 956, sawa na kalori 229. Misuli ikifanya kazi kwa robo ya nishati, zidisha kwa nne, unapata kama 900. Ongeza kilomita tano za kusogea mbele, 200. Ongeza za mwili kuishi kwa saa saba, mia tano na kitu. Tuseme 1,600 kufika juu. Baridi kali ikikutetemesha inapanda kidogo.

Kuna mgeni alinionyesha mkono wake pale kwenye kibao cha Uhuru: 3,800. Hizo saa zinakisia kwa mapigo ya moyo. Kule juu hewa ina kama nusu ya oksijeni ya pwani, moyo unakimbia hata ukiwa unafunga kamba ya kiatu. Saa inaona mapigo 150 inadhani unakimbia, kumbe unatembea pole pole hatua na kupumzika.

Shida ya mlimani ni upande wa pili. Hamu ya kula inakata kabisa. Tunawalazimisha wageni supu na uji, kwa sababu hata hizo 1,600 hawazirudishi siku hiyo. Wapagazi wetu wanabeba hadi kilo 20, mzigo unapimwa getini, na wanatangulia kambini kabla ya mgeni. Ukiwaona wanavyopiga ugali jioni hutauliza hesabu.

Nyar_Kisumu

Kwa hili la kubeba kuna kitu lazima niseme. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake uliofanyiwa akina mama wa Kiluo na Kikuyu, wale wanabeba kichwani na wale wanabeba mgongoni kwa kamba ya kipaji cha uso. Waliwavalisha barakoa za kupima oksijeni. Mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nishati hata kidogo. Ulipozidi hapo ndipo ukaanza kupanda. Mwaka 1995 wakaeleza sababu: ule mwendo wa mwili kupanda na kushuka kila hatua, hawa mama wakiwa na mzigo wanautumia vizuri kuliko mtu mwingine, hawaupotezi.

Kwa hiyo mama wa kilo 60 na ndoo ya lita 12 kichwani, jedwali la MET linamwongezea kalori ambazo hatumii. Shosh wangu, yaani bibi, alikuwa anacheka akisikia watu wanalipia gym, lakini kwa hii sayansi yeye ndiye alikuwa anachoma kidogo!

Said_Matrah (Muscat)

Assalaam aleikum. Mie natembea ufukweni Matrah baada ya tarawehe, na siku nyingine alasiri kwenye joto la nyuzi 38. Njia moja, mwendo mmoja. Alasiri saa inanipa karibu mara moja na nusu ya usiku. Joto linapandisha mapigo kwa sababu damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, si kwa sababu miguu inafanya kazi zaidi. Nikijipima baadaye nimepungua kilo nzima, nakunywa maji, imerudi. Kuna vijana hapa wanakimbia wamejifunga nailoni tumboni. Ni maji yale, wallahi.

Muuguzi_wa_Zamu

Naongezea kwa kifupi, niko kazini. Mwaka 2017 watu wa Stanford walipima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Mapigo ya moyo vilijitahidi. Kalori, kifaa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, kibaya kabisa asilimia 93.

Na mwaka 2012 timu ya Herman Pontzer ilipima Wahadza, jamii ya wawindaji karibu na Ziwa Eyasi, kwa maji yenye alama maalumu, kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote. Wanaume hutembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Jumla ya nishati yao ya siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, ilikuwa sawa na ya watu wa ofisini Marekani na Ulaya. Mwili ukizoea kazi ya kila siku unabana matumizi kwingine. Ndiyo maana kuhesabu mazoezi na kuyajumlisha juu ya chakula kunawachanganya wagonjwa wangu wengi wa kisukari. Mimi huwaambia wapime kiuno na uzito asubuhi ileile kila wiki, waandike wanachokula, waone mwezi mzima unasemaje. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700.

Kijana_wa_Gym

Nimeachia vyuma. Nimeshusha mwinuko hadi 5 na mashine inasema 410. Mkimbia_Jioni, siku ya marathon yenyewe nile ngapi njiani? Nina kilo 70.

Mkimbia_Jioni (Dar es Salaam)

70 mara 42.2, karibu 2,950. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama 1,600 hadi 2,000, ndiyo maana watu wanazimika kuanzia kilomita ya 30. Huwezi kurudisha zote, tumbo halitakubali. Lenga gramu 30 hadi 60 za sukari kwa saa, ambazo ni kalori 120 hadi 240, na ujizoeze kwenye mbio zako ndefu za Jumapili kabla ya kwenda Moshi. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 27 za wanga. Mpagazi, huko juu Mweka kwenye ule mpando wa marathon wanagawa nini siku hizi?

Mpagazi_Mstaafu (Moshi)

Maji na soda. Ndizi beba yako.