Tupeane uzoefu: uongozi wa kitengo cha mauzo pale kampuni inapoanza kukua

Kalamu Nyekundu (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni miezi kadhaa, nimeona nilitoe hapa kabla halijanitoa mimi kazini.

Nilipoingia kwenye hii kampuni, mauzo tulikuwa watu 6. Meza moja ndefu, simu zinalia, mwenzako akikwama na mteja unamsikia sauti inavyobadilika, unamsukumia kikaratasi chenye hoja. Bosi mwenyewe alikuwa anatoka nasi kuonana na wateja. Kamisheni ilikuwa ya sentensi moja: fedha ikiingia, na asilimia yako inaingia. Leo tuko 43. Tuna mkuu wa mauzo, tuna mameneja 4, na tuna kundi la WhatsApp ambamo kila saa 2 usiku linarushwa jedwali la majina, wa kwanza hadi wa mwisho, watano wa chini wakiwa kwa rangi nyekundu. Mtu anaweza kuwa kileleni mwezi wa tatu, mwezi wa nne yumo kwenye nyekundu, na hakuna anayemuuliza kulikoni.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Mteja mmoja nilimfuatilia miezi 9. Nilimjua mpaka mhasibu wake, nilijua nani pale ofisini anatupinga na kwa nini. Wiki ya kusaini, maeneo ya kuuzia yakagawanywa upya, mteja akaangukia kwa kijana mwenye wiki 3 kazini. Kijana akasaini, akapigiwa makofi. Mimi nikaambiwa tufikirie kampuni, tusifikirie majina. Na yule kijana, sina kinyongo naye, alikuja kuniomba namba ya simu ya mteja kwa sababu hakuwa nayo.

Haya, kampuni ikikua mambo haya hayaepukiki, au ni uongozi tu? Tusitaje kampuni wala watu, tusije tukatafutana.

Mguu Niponye

Nilidumu siku 11. Siku ya kwanza niliambiwa hapa sisi ni familia. Siku ya 11 mwanafamilia mmoja alifukuzwa mbele yetu sote, kwa kipaza sauti, kisha tukaombwa tumpigie makofi kumshukuru kwa mchango wake. Nilipiga makofi, nikabeba mkoba, nikaaga naenda msalani. Mpaka leo sijatoka huko msalani.

Bi Hesabu

Kaka Kalamu, pole. Mimi jedwali halikuniumiza, kilichoniumiza ni mpango wa kamisheni.

Wakati naajiriwa nilielezwa kwa mdomo, na furaha ya kazi mpya ilivyo, nikaitikia kila kitu. Mpango ulikuwa hivi: chini ya asilimia 80 ya targeti hupati kitu. Kuanzia 80 hadi 100 unapata kiwango cha kawaida. Ukivuka 100, kila unachouza kinalipwa mara moja na nusu. Ukiusikia hivyo unasema safi kabisa. Sasa ngoja ifike tarehe 25. Aliye kwenye asilimia 60 anajua 80 haitafika, basi anailalia mikataba, anamwambia mteja tusaini tarehe 2. Aliyekwisha kuvuka 100 naye anavuta mikataba ya mwezi ujao aiingize mwezi huu, anampa mteja punguzo ambalo mteja hata hakuliomba. Mkuu wa mauzo analalamika kwamba takwimu zinapanda na kushuka kama homa, na homa yenyewe kaiandika yeye kwa mkono wake.

Mwezi wa saba nikapata mteja mkubwa, nikavuka targeti ya mwaka mzima. Nikaitwa ofisini. Nilijua napongezwa, hata viatu nilibadilisha. Nikaambiwa mpango umebadilika tangu mwezi wa sita: kuna kikomo, na hakuna muuzaji anayeruhusiwa kupokea zaidi ya meneja wake. Tangu mwezi wa sita! Barua ina tarehe ya siku ile ile niliyoitwa.

Halafu kuna ya kurudisha. Mteja akivunja mkataba ndani ya siku 90, kamisheni uliyolipwa inakatwa kwenye mshahara unaofuata. Kwa kiasi fulani naielewa, inamzuia muuzaji asimbebeshe mtu kitu asichokihitaji. Lakini wateja wangu wawili waliondoka kwa sababu mafundi wa kuwafungia mfumo hawakutokea wiki 5. Mimi si fundi. Nikakatwa mimi.

Ukienda kwenye usaili uliza haya kabla ya mshahara: mauzo yanahesabiwa siku ya kusaini, siku ya ankara, au siku fedha inapoingia? Na mpango ukibadilika, naarifiwa siku ngapi kabla? Wakianza kutazamana, umeshajibiwa.

Chuma cha Pua

Mnalialia sana humu. Mauzo si kazi ya kubembelezana. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hilo jedwali mnalolilaani nililiongoza miezi 8 mfululizo na sikuliona na ubaya wowote.

Kalamu Nyekundu

Mkuu Chuma, kugaagaa nagaagaa vizuri tu. Upwa wenyewe ndio wameukata vipande 43.

Meneja Aliyeshuka

Niruhusuni nizungumze kutoka upande wa pili wa meza, mkitaka mnipige mawe baadaye.

Nilikuwa muuzaji bora miaka miwili. Kampuni ikapata fedha za wawekezaji, ikahitaji mameneja haraka, nikapewa watu 9. Mafunzo niliyopewa ni nenosiri la kuingilia ripoti. Nilichokuwa nakijua ni kuuza, basi nikawa nauza. Kijana wangu akiwa kwenye simu na mteja, akisita sekunde mbili tu, namnyang'anya simu namalizia mwenyewe. Kwa mwezi mmoja nilionekana shujaa. Kufika mwezi wa nne hakuna aliyekuwa anathubutu kufunga mauzo bila mimi, na mimi ni mmoja.

Baadaye nikaja kusoma utafiti wa wachumi watatu, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, uliotoka mwaka 2019. Walichunguza wauzaji wa makampuni mengi ya Marekani wakakuta kwamba makampuni hupenda kumpandisha cheo anayeuza zaidi, na wale waliokuwa wauzaji hodari zaidi, wakishakuwa mameneja, mauzo ya watu walio chini yao ndiyo yanayodorora. Niliusoma mara mbili. Ni kama walikuwa wamekaa nyuma ya kiti changu.

Lakini mjue na hili, maana wengi hamlioni. Targeti yako haikutokana na wateja waliopo. Bodi inamwambia mkurugenzi anataka 100. Mkurugenzi anaogopa, anawagawia mameneja 110. Meneja naye anajiwekea akiba, anawagawia ninyi 125. Wote mkifika asilimia 80 ya hiyo 125, ambayo ndiyo ile 100 ya bodi, kule juu wanasherehekea, huku chini nusu yenu mna barua za onyo. Nilizisaini mwenyewe barua hizo. Nilijua hesabu na nikasaini.

Kugawana maeneo na kuwekeana viwango si jambo la jana. John Henry Patterson wa National Cash Register, kampuni ya mashine za fedha za dukani kule Ohio, Marekani, alikuwa akifanya hivyo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na alisifika pia kwa kutimua watu. Mmoja wa aliowatimua ni Thomas Watson, aliyekuja kuikuza IBM, ile kampuni ya kompyuta. Nawaambia tu wale wa nyekundu.

Mimi niliomba kurudi kuwa muuzaji. Iliandikwa kwenye faili kwamba nimeshushwa. Nalala usingizi.

Nimechoka Kutabasamu

Sijaona mwanamke akiligusa hili, ngoja niliguse. Timu ilipokuwa ndogo nilikuwa afisa mauzo kama wengine. Tulipopata mkuu mpya, kila mteja mgumu wa kiume akawa wangu. "Nenda wewe, anapenda kuona sura nzuri." Mbele ya watu, kwa kicheko. Vikao vikawa vya saa 1 usiku, hotelini. Nilipomwambia meneja kwamba mteja fulani amenishika mkono hataki kuuachia, aliniuliza: amesaini?

Nikapeleka malalamiko rasilimali watu. Idara nzima alikuwa binti mmoja aliyeajiriwa mwezi uliopita, anaripoti kwa mkuu huyo huyo wa mauzo. Kampuni ilikuwa imeongeza wauzaji 20 kabla ya kuongeza mtu mmoja wa kusikiliza.

Niliandika kila kitu: tarehe, saa, nani alikuwepo, nikajitumia kwenye barua pepe yangu binafsi. Dada zangu, andikeni. Sitasema zaidi, suala bado liko mezani.

Bi Hesabu

Dada, tupo pamoja. Na hilo la kuandika, tarehe ile ile, siyo wiki moja baadaye.

Shahidi wa Tarehe 31

Kwetu targeti ilikuwa idadi ya wateja wapya, siyo fedha. Mnaweza kukisia. Ikifika tarehe 31 usiku watu wanasajili binamu, shemeji, mwenye nyumba. Mmoja alimsajili marehemu babu yake, na mfumo ukamtumia babu ujumbe wa kumkaribisha. Tulicheka, lakini tulikuwa tunajua. Meneja alikuwa anajua zaidi yetu, maana alikuwa anatoa hotuba kila saa 4 usiku: "Sitaki kujua mmepataje, nataka kuona namba." Sentensi hiyo ukiisikia kwa kiongozi, ujue anajitengenezea mlango wa kutokea.

Ukaguzi ulipokuja, mlango ulifanya kazi. Walifukuzwa maafisa 14. Meneja alihamishiwa kitengo kingine akaongezewa cheo.

Wanaodhani ni uhuni wa kampuni ndogo waitazame Wells Fargo ya Marekani. Lengo lilikuwa kila mteja awe na huduma 8 za benki. Wafanyakazi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kuwa kwa miaka kadhaa ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300 kwa jambo hilo. Hebu fikiria unafukuza watu 5,300 kwa kosa moja na bado unadhani tatizo ni watu.

Sikio la Kushoto

Nilete na cha upande mwingine, maana viongozi wazuri wapo, hata kama hawadumu.

Nilimpata mmoja. Siku zake za kwanza hakuitisha kikao. Alivuta kiti akakaa pembeni ya kila mmoja wetu, kavaa kisikilizio, anasikiliza simu bila kuingilia. Siku 3 hivyo. Tulidhani anatafuta wa kufukuza. Kisha akafuta jedwali la usiku, akaanzisha saa moja kila Alhamisi ya kuzungumzia wateja tuliowakosa. Waliopatikana hatukuwazungumzia kabisa. Alhamisi ya kwanza alianza na wa kwake: mteja aliyempoteza kwa kujifanya anajua jibu ambalo hakulijua. Baada ya hapo ndimi zikafunguka. Mimi niligundua kwenye kikao hicho kwamba wateja wanne tofauti walitukataa kwa sababu moja, kifungu kimoja tu cha mkataba, na kila mmoja wetu alikuwa anadhani ni udhaifu wake. Kifungu kikarekebishwa.

Na maeneo yalipogawanywa alitunga kanuni: mteja ambaye mazungumzo yameshaanza anabaki kwa aliyeyaanza kwa siku 120, au kamisheni igawanywe nusu kwa nusu. Kalamu, kwa hiyo kuepukika kunaepukika. Ni kanuni ya mistari miwili.

Aliondolewa baada ya miezi 10. Walisema ukuaji ni wa taratibu. Aliyekuja baada yake alirudisha jedwali wiki ile ile.

Chuma cha Pua, umesema miezi 8 mfululizo. Wa tisa ulikuwaje?

Kalamu Nyekundu

Hiyo ya siku 120 nimeinakili, kesho naipeleka kwa meneja wangu kama wazo langu. Samahani Sikio.

Sikio la Kushoto

Chukua tu. Na yeye ataipeleka juu kama wazo lake.

Chuma cha Pua

Mwezi wa tisa mama alilazwa. Niliuza asilimia 40. Jina lilikaa kwenye nyekundu siku 19, na watu niliokuwa nawarushia maneno kila usiku walikuwa humo humo kundini wakisoma. Hakuna aliyeuliza. Nami nisingeuliza.

Niliacha mwezi wa kumi. Ila bado nasema mnalialia.