Naomba ushauri: nimepandisha numpy, pandas imegoma

Habari zenu wakuu. Nimekwama tangu juzi, naomba mnisaidie.

Nina skripti ya Python 3.10 inayosoma faili za Excel za marejesho ya kikoba chetu na kutoa jumla ya kila mwanachama. Ilikuwa inatumia pandas 1.5.3 (maktaba ya kushughulikia majedwali ya data, inayotegemea numpy, maktaba ya hesabu za namba) bila shida. Juzi nikahitaji maktaba nyingine inayodai numpy 2, nikaandika pip install -U numpy (amri ya kupandisha numpy hadi toleo jipya), basi. Tangu hapo mstari wa kwanza tu, import pandas, unaanguka: ukubwa wa numpy.dtype umebadilika, ilitarajiwa 96 ikapatikana 88. Cha kushangaza, pip check (amri ya kukagua kama pakiti zinapatana) inasema kila kitu kiko sawa!

Nimejaribu kurudisha "numpy<2" (toleo lililo chini ya 2): pandas ikafufuka, ile maktaba mpya ikagoma. Nikapandisha pandas hadi 2.2.2, ikapatana na numpy 2, lakini skripti yangu imejaa df.append (njia ya kuongeza mistari kwenye jedwali), na hiyo iliondolewa kuanzia pandas 2.0. Nimehesabu, iko mara 41, nyingine ndani ya lupu. (Msinicheke, niliandika nikiwa bado najifunza.)

Sasa, nibaki na pandas 1.5.3 kwenye venv yake (mazingira ya Python yaliyotengwa) na maktaba mpya niipe venv nyingine, au nijifunge kibwebwe nihamie pd.concat, inayofanya kazi ile ile ya df.append? Na je, kabla ya kupandisha pakiti moja, nyinyi mnaangaliaje itagusa zipi nyingine?

Mahesabu yanatakiwa Jumamosi. Natanguliza shukrani.