Naomba ushauri: alama za ndani zinazoaminika

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nimekabidhiwa kusimamia taaluma katika shule ya sekondari, na linalonikosesha usingizi ni alama za tathmini endelevu, yaani zile tunazotoa wenyewe shuleni kwa mitihani ya ndani na kazi za mradi. Kidato kimoja, somo lile lile, mikondo miwili yenye walimu tofauti: mmoja wastani uko juu mno, mwingine chini, lakini mtihani wa nje ukija wanalingana. Kazi za mradi ndizo zenye utata zaidi, maana mwanafunzi analeta kazi safi kabisa kutoka nyumbani, ukimwuliza aieleze anakwama.

Ninachofikiria ni hiki: mtihani utungwe kwa kufuata jedwali la utahini (mpango unaoonyesha kila mada itolewe maswali mangapi na ya kiwango gani), mwongozo wa kusahihishia uandikwe mapema, na kabla ya kalamu nyekundu kuanza kazi walimu wa somo wakae pamoja, wasahihishe nakala chache zilezile na kujadili wanapotofautiana. Baadaye mwalimu wa pili arudie sampuli bila kuona alama za mwenzake. Kwa miradi, rasimu zihifadhiwe na mwanafunzi ahojiwe.

Shida ni muda, tena wapo wanaoona wanachunguzwa. Sitaki kuwavunjia heshima, wanajituma sana. Ila mtoto anayepewa alama asizostahili anaumizwa, sawa na aliyenyimwa zake.

Mliofanikiwa, mnachukua nakala ngapi za sampuli, na mnazichaguaje? Wasahihishaji wawili wakipishana sana, nani anaamua? Na somo likiwa na mwalimu mmoja tu shuleni, mnafanyaje?