Mario wa kwa simu anakimbia kuliko yule wetu wa zamani, ama ni mimi? Na gemu gani ya kuruka ilikushangaza?

mtoi_wa_shabab (Nakuru)

Niaje wasee. Nimeweka emuleta (ile programu ya kuiga mashini za gemu za zamani) kwa simu ndio nionyeshe kijana wa sista yangu gemu tulizokuwa tunacheza, nikaanza na Super Mario Bros ile ya 1985 maana hiyo ndio kila mtu alianza nayo, na hata dakika haijaisha nikashtuka. Huyu Mario anakimbia! Wimbo uko mbio, kobe wanakuja haraka, saa inaisha kabla hujazoea steji, na hii gemu mimi naijua hata nikifunga macho. Sisi tuliicheza kwa zile mashini feki za kuiga Famicom, mashini ya gemu ya Nintendo, na ile kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999 na ukihesabu vizuri ni chache tu zinajirudia na majina tofauti, halafu TV ni Greatwall nyeusi na nyeupe, mmoja anashika waya wa nyuma mwingine anazungusha kile kigurudumu cha chaneli mpaka picha itulie. Kwa hiyo sijui kama ni kumbukumbu imenidanganya miaka yote ama simu ndio iko na shida. Hilo swali la kwanza.

La pili ndio kubwa. Gemu za bure ambazo huyu kijana anacheza ni kukimbia mbele, ukifa unaonyeshwa tangazo, unarudi unakimbia tena. Zile zetu kila moja ilikuja na kitu chake kimoja na ikakisukuma mpaka mwisho. Chukua Adventure Island, njaa ndio adui, ule mstari wa nguvu unapungua hata kama hujaguswa na mtu, lazima uokote matunda ukiwa mbioni, na ukipata ule ubao wa magurudumu unaenda kasi lakini huwezi kusimama kabisa, kwa hivyo zawadi yenyewe ni hatari. Nani alikaa akafikiria hivyo? Nataka nimpangie kijana gemu za maana, za kuruka na kupanda, zenye ujanja wa kumfanya asimame afikirie. Nyinyi ni gani iliwashangaza?

fundi_lurambi (Kakamega)

Mulembe ndugu. Kumbukumbu yako iko sawa na simu iko sawa. Shida ni TV.

Famicom ilitoka Japani 1983 na kule TV zao picha zinabadilika mara 60 kwa sekunde. Sisi hapa Kenya tulikuwa kwa PAL, mfumo mwingine wa TV, mara 50. Sasa gemu za wakati huo hazikuwa zinaangalia saa, zilikuwa zinahesabu picha, kila picha moja Mario anasogea kidogo, kobe anasogea kidogo, wimbo unasonga kidogo. Hizo mashini feki zilizouzwa huku nyingi zilitengenezwa za 50, na kaseti zilikuwa kopi za zile za Kijapani bila kurekebishwa, kwa hivyo gemu nzima ikapungua mwendo kwa moja ya sita. Kitu kilichochukua dakika moja kule Japani, kwetu kilichukua sekunde 72. Mruko wenyewe ulikuwa na urefu ule ule na umbali ule ule, shimo ni lile lile, lakini wewe ulikuwa na muda zaidi wa kuamua. Umekua ukimjua Mario mtulivu na huyo ndiye Mario wako, usikubali mtu akwambie unaota.

Kama unataka kumrudisha, ingia mipangilio ya emuleta uangalie sehemu ya kuchagua aina ya mashini. Ukipata jina Dendy chagua hilo, ilikuwa mashini ya kuiga Famicom iliyouzwa sana Urusi kuanzia 1992 na ni ndugu wa zile zetu. Utasikia ule wimbo unashuka mwendo, utacheka peke yako.

Na kama bado uko na kaseti, wacha kupuliza. Najua sote tulipuliza. Iliyosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha, meno ya chuma yanagusana upya, pumzi inaacha unyevu na unyevu unakula yale meno. Pamba na spiriti inatosha.

omera_wa_kondele (Kisumu)

Fundi amemaliza la kwanza, mimi naingilia la pili, na omera nitaandika ndefu kwa sababu hii kitu naipenda.

Watu wakisema Mario ni gemu ya kuruka wanapita haraka hapo kwa neno kuruka kama ni kitu kidogo. Angalia Donkey Kong ya 1981, huyo huyo jamaa akiitwa Jumpman, mruko wake ni mmoja tu, ukishabonyeza ndio basi, atafika pale alipopangiwa kufika. Miaka minne baadaye Miyamoto na Tezuka, wabunifu wa gemu wa Nintendo, wanakuja na Super Mario Bros na mruko umekuwa kitu hai. Ukigusa batani A kidogo anaruka kidogo, ukiishikilia anapanda, ukiwa umeshika batani B unakimbia anaenda juu zaidi na mbali zaidi, na akiwa hewani bado unaweza kumvuta nyuma ukiona umekosea hesabu. Batani moja lakini mikononi mwako ina miruko chungu nzima, na gemu yote kuanzia mwanzo mpaka kwa Bowser, adui mkubwa wa mwisho, inakuuliza tu unaijua vizuri kiasi gani.

Sasa keti na huyo kijana kwa steji ya kwanza kabisa, usimwambie kitu, angalia tu uso wake. Anaanza kushoto, kulia kuko wazi, kwa hivyo anaenda kulia. Goomba, yule adui mdogo anayetembea, anakuja. Asiporuka anakufa, na amekufa hatua chache tu kutoka mwanzo kwa hivyo hajapoteza kitu. Akiruka, juu yake kuna tofali na yale yenye alama ya kuuliza, anagonga, uyoga unatoka. Huo uyoga unaenda kulia, unaanguka, unagonga bomba la kijani unageuka unamrudia yeye. Anauogopa kwa sababu amejifunza vitu vinavyotembea vinaua, anajaribu kuuruka, anagonga kichwa kwa tofali la juu anauangukia, na ghafla amekuwa mkubwa. Hakuna maandishi hata moja yamempa maelezo, ni bomba na tofali zimepangwa hivyo makusudi.

Na bado. Karibu na mwisho wa hiyo steji kuna ngazi mbili zinatazamana na katikati ni sakafu, ukianguka hapo unatoka tu unajaribu tena. Mbele kidogo zinakuja ngazi nyingine mbili vile vile, lakini sasa katikati ni shimo. Kwanza wanakupa mahali pa kuanguka bila kuumia, halafu wanakuuliza swali lile lile kwa ukweli. Gemu nzima ilikuwa kilobaiti 40, picha moja ya WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo, mpaka wingu na kichaka ni mchoro mmoja umebadilishwa rangi, wewe na Greatwall yako hungejua hiyo ya rangi. Nafasi ilikuwa ndogo hivyo na bado walitumia sehemu yake kukufundisha kuanguka. Mimi hapo ndipo huwa nasimama.

spread_gun_254 (Nakuru)

Hakuna mtu ametaja Contra, ile ya kupiga risasi?? Juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, maisha 30. Na ile steji ya maporomoko ya maji mnapanda wawili, wa juu akiwa na haraka skrini inapanda naye na wa chini anakufa. Mlijua rafiki wa kweli hapo.

nyar_nyalenda (Kisumu)

Nyinyi wote mnaongea kaseti na TV. Kwetu TV ilikuwa ya baba na habari zake, mimi gemu yangu ya kwanza ya kuruka ilikuwa Bounce kwa Nokia ya brother, na sijaona mtu akiipa heshima yake.

Mpira mwekundu, skrini ndogo kama stempu, unatumia namba za simu. Kazi ni kupita ndani ya pete zote ndio mlango wa mwisho ufunguke. Inaonekana ni kitu cha watoto mpaka ufike kwenye maji. Mpira mdogo unazama, ukiingia chini unaweza kupita zile njia nyembamba za chini. Ukienda kwa ile pampu mpira unajaa unakuwa mkubwa, sasa unaelea, chini huendi hata ufanye nini, na mlango mwembamba haukutoshi tena. Kwa hivyo unafika mahali unaona pete iko juu ya maji na nyingine iko chini kabisa, na pampu ni moja, na kile kitu cha kukupunguza kiko mbali kule ulikotoka. Sasa utaanza na gani? Ukikosea unarudi njia yote kwenye ile miiba. Nilikuwa nakaa kwa matatu ya kwenda Busia nafikiria bila kubonyeza kitu, simu imezima taa, nafikiria tu, kufika Maseno nishapata jibu. Hiyo ndiyo kusimama na kufikiria unayoulizia.

Halafu 2008 kampuni ya Rovio wakatengeneza Bounce Tales, mpira una uso na unaweza kuwa mzito kama jiwe ama mwepesi. Nzuri pia, lakini ile ya kwanza ilikuwa kali zaidi, haikuhurumii.

mwalimu_kanduyi (Bungoma)

Vijana, nimewasoma kwa furaha, lakini kijana wa watu asipewe gemu kwa sababu sisi tunazipenda tu. Kuna mambo ya zamani hayakuwa mazuri na tuseme hivyo. Hesabu ya maisha matatu halafu unarudi mwanzo ilitoka kwa mashini za kumbi za michezo zilizokula sarafu, zilitaka ufe ndio uweke nyingine. Mlipoleta hiyo nyumbani hakuna sarafu ya kuweka lakini adhabu ikabaki. Super Mario Bros haikuwa na kuhifadhi popote. Ukiwa dunia ya nane stima ikipotea, na mnajua stima yetu, umeanza upya. Angalau ukiishiwa maisha ungeweza kushika A ukibonyeza Start uendelee na dunia ile ile uliyofia, lakini hakuna mahali kwa gemu palipokwambia hivyo, na kaseti zetu hazikuja na kitabu.

Na ujanja haukuisha miaka hiyo. Braid ya 2008 inakuruhusu kurudisha muda nyuma, kwa hivyo kufa si kitu, halafu kila dunia inabadilisha sheria ya muda. Kuna moja ukitembea kulia muda unaenda mbele, ukitembea kushoto vitu vyote vinarudi vilikotoka, sasa fikiria kuchukua ufunguo hapo. Celeste ya 2018 ni ngumu kuliko chochote mlichotaja, lakini inakutakia mema kwa siri. Ukichelewa kidogo ukapita ukingo bado inakubali uruke, na ukibonyeza kidogo kabla ya kugusa chini inakuwekea mruko, unaruka ukifika. Ukifa unarudi pale pale mara moja. Ni mafunzo yale yale ya ngazi mbili ambayo huyo ndugu wa Kondele ameeleza vizuri sana, yamepigwa hatua. Mimi ningempa kijana za zamani na hizi pamoja.

Na moja ya zamani ambayo hamjaitaja na nashangaa, Lode Runner. Gemu ya kupanda ngazi ambayo HURUKI kabisa. Unachimba tofali upande wa kushoto ama wa kulia, basi, chini ya miguu yako huwezi. Walinzi wanaingia kwa shimo, unapita juu ya vichwa vyao, halafu tofali linajirudisha, na ukiwa ndani wewe ndio umekwisha. Ukitaka dhahabu iliyofukiwa safu tatu chini lazima uchimbe safu ya juu pana, kwa sababu kila ukishuka nafasi ya kusimama ukichimba inapungua. Hapo hakuna haraka ya vidole, ni kupanga. Na hata ile ya Famicom ilikuwa na sehemu ya kuchora steji zako mwenyewe. Mwachie kijana hiyo sehemu uone atakachofanya.

nyar_nyalenda (Kisumu)

Mwalimu hapo kwa stima nimekubali. Simu ndio ilituokoa hapo.

mtoi_wa_shabab (Nakuru)

Aisee asanteni sana. Fundi, nimechagua hiyo Dendy na ni YEYE. Wimbo umerudi ule ule, nimekaa hapa natabasamu na kijana anauliza kwani nimeharibu gemu inaenda polepole. Yeye anataka ile ya 60, kwa hivyo kila mtu na yake. Na alifanya kabisa vile omera amesema, aliukimbia uyoga, akagonga kichwa, akaukuta chini. Lode Runner nimeiweka, ameacha kucheza anachora steji tu, amejaza walinzi kila mahali.

Sasa tatizo jipya. Nimepeleka picha kwa TV ya flat ya sebuleni bila waya ndio tuone wote, na Mario anachelewa kuruka. Nabonyeza, nusu ya pumzi inapita, ndio anaruka. Shimo zote naangukia. Hii nayo ni PAL?

fundi_lurambi (Kakamega)

Hapana, hiyo si PAL, hiyo ni kuchelewa kwa picha. Kutuma picha bila waya ndio mwizi mkubwa hapo, simu inaikaza, inaituma, TV inaifungua, ikifika imechelewa. Tumia waya wa HDMI kama simu yako inakubali, ama weka emuleta kwa kompyuta. Halafu ingia mipangilio ya picha ya TV utafute ile hali ya gemu uiwashe, TV za flat huwa zinasafisha picha kwanza kabla ya kuonyesha na hiyo kazi ina muda wake. Na usichezee kioo cha simu kwa gemu za kuruka, kidole hakijui kama kiko juu ya batani ama kimeteleza, tafuta pedi ya USB na ule waya mfupi wa OTG, wa kuunganisha vitu vya USB kwa simu.

Ukifanya yote na bado unasikia anachelewa, dawa ni TV ya zamani ile yenye mgongo, hiyo inachora picha vile inavyoipokea, haingojei kitu. Watu huniachia hapa wakienda kununua flat na hawarudi kuzichukua. Niko na moja ya inchi 14 inawaka vizuri, ya rangi. Ukipitia Kakamega nitumie ujumbe.