Naomba ushauri: madoa ya maji ya kisima kwenye vioo vya madirisha

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi na tunatumia maji ya kisima, yale mazito yenye chokaa; sabuni haitoi povu na birika hufanya gamba jeupe ndani. Madirisha ya upande wa bustani hurukiwa na maji hayo kila tukimwagilia maua, na jua likiyakausha yanabaki madoa meupe ya mviringo. Ukipitisha ukucha unahisi kabisa yanakwaruza.

Sabuni na gazeti havikufua dafu. Siki nyeupe na maji ya moto, nusu kwa nusu, kwa kitambaa kilicholowa nilichokiacha kiooni kama robo saa, imeondoa madoa mapya. Ya zamani yamepungua tu, na kioo kikikauka ukungu unarudi. Fundi ananishauri asidi ya kusafishia choo, lakini fremu ni za alumini na chini kuna terazo. Nachelea vitaliwa, sijathubutu.

Nitajuaje kama hii bado ni chokaa iliyoganda au kioo chenyewe kimeshalika? Na mliotumia wembe, mliushikaje bila kukwaruza kioo? Ahsanteni sana.