Asilimia 97 ya nini?

Mjomba Hamisi: Jamani nimeiona orodha ya wahakiki wa tamthilia za TV, sizoni mpya na zile zinazorudi zote zimepangwa kwa alama. Mimi nasema tuchukue ile yenye asilimia kubwa kuliko zote tuanze nayo wikiendi hii, tusizunguke. Kuna moja ina 97

Shangazi Mwaju: 97 ya nini

Mjomba Hamisi: Ya ubora Mwaju. Rotten Tomatoes hiyo, ule mtandao, wanakusanya wahakiki wote

Neema: Shikamoo mjomba. Ile asilimia haipimi ubora lakini, inahesabu kati ya walioandika wangapi wameipenda, hata kama wameipenda kidogo tu. Yaani wahakiki kumi wakiandika kila mmoja "sio mbaya, naipa sita kati ya kumi" pale itasomeka 100. Halafu nyingine ambayo wanane wameisifia mpaka basi na wawili wameichukia itasomeka 80. Ukienda na namba peke yake unachukua ile ambayo hakuna aliyekereka, unaiacha iliyowatoa watu machozi

Mjomba Hamisi: Marahaba mama. Sasa mtu atajuaje

Neema: Metacritic, mtandao mwingine wa alama, wao wanatafuta wastani, kila uhakiki unageuzwa alama kati ya 0 na 100 na magazeti mengine yanapewa uzito zaidi. Wale kumi wa sita sita huko wangeangukia 60. Ukiziweka mbili hizo pamoja unaanza kuelewa. Ila mimi siku hizi nasoma maneno, namba naiangalia mwisho

Salim: na kitu kingine watu hawajui, wahakiki wengi wanatumiwa episodi chache tu kabla haijatoka, labda tatu labda nne kati ya nane au kumi, wanaandika hapo hapo maana wanataka iwe hewani siku ya kwanza. kwahiyo ile hukumu mnayoisoma mara nyingi ni hukumu ya mwanzo tu, mwisho hakuna aliyeuona. ndo maana unakuta sizoni ina alama za juu halafu episodi mbili za mwisho zinabuma na alama iko pale pale

Shangazi Mwaju: Hapo umesema kweli Salim. Mwanzo kila mtu anajua kuupamba

Mama Tausi: Na kinyume chake pia kipo. The Office ya Marekani ilipoanza 2005 wahakiki wengi waliiweka pembeni ya ile ya Uingereza wakasema hii kivuli tu. Msimu ule ulikuwa episodi sita. Msimu wa pili wakamlainisha yule bosi, akabaki mpuuzi lakini unaona ni mpweke anatafuta marafiki, na 2006 ikachukua Emmy, ile tuzo kubwa ya TV Marekani, ya vichekesho bora. Ikaenda mpaka 2013, episodi 201. Angekuwepo mkubwa mmoja pale kwenye kituo amesoma hukumu za mwanzo na kuamini tusingekuwa nayo

Salim: mama T na The Wire je

Mama Tausi: The Wire usinianzishe Salim. Misimu mitano, 2002 hadi 2008, na haikupata Emmy hata moja. HATA MOJA. Watazamaji walikuwa wachache na kilichoibakiza hai kwa sehemu kubwa ni wahakiki, waliing'ang'ania mwaka baada ya mwaka wakiwaambia watu kaeni muangalie hii. Kwahiyo mimi sikubali mtu akisema wahakiki hawana kazi. Kazi yao ile ndiyo, kuinua kitu ambacho hakina kelele

Mjomba Hamisi: Haya hizo ni za zamani. Mimi nauliza zinazorudi sasa. Mtu uliupenda msimu wa kwanza, unasubiri weee, ikirudi wahakiki wanaiponda. Kwanini

Neema: Kwasababu msimu wa kwanza unashindana na sizoni nyingine, msimu wa pili unashindana na ule wa kwanza jinsi unavyoukumbuka, na ukikumbuka unakumbuka pale palipokuwa patamu tu. Angalia Squid Game. 2021 dunia nzima ilisimama, Lee Jung-jae 2022 akachukua Emmy ya muigizaji bora wa kiume. Imerudi Desemba 2024 episodi 7, wahakiki wengi wakasema imetengenezwa vizuri lakini ile bumbuwazi haipo na imekatwa katikati kama hadithi iliyonyang'anywa mdomoni, ikabidi usubiri Juni 2025 kumalizia. Na mimi nakubaliana nao kabisa. Ukiunganisha msimu wa 2 na wa 3 ni hadithi moja imepasuliwa vipande viwili, na ukishaipasua mtu hawezi kuihukumu vizuri, anahukumu nusu

Salim: wanavuta vuta tu wapate hela ya misimu miwili

Neema: Sio zote zinachemka lakini. Severance ilitoka Februari 2022 ikarudi Januari 2025, karibu miaka mitatu, katikati pale waandishi wa Marekani waligoma 2023 kuanzia Mei mpaka Septemba na waigizaji nao wakagoma. Watu walishaanza kusahau nani ni nani. Ikarudi na wahakiki wakaipokea vizuri sana kwasababu walioitengeneza walijua wanaelekea wapi, haikurudi kurudia yale yale

Shangazi Mwaju: The Bear je? Mimi niliipenda ile

Neema: Msimu wa 3 wa 2024 hapo ndipo wahakiki walianza kugawanyika shangazi. Wengi walisema picha nzuri, uigizaji mzuri, lakini hadithi haisogei. Msimu wa kwanza ulikuwa unakimbia mpaka unaishiwa pumzi wewe mtazamaji

Shangazi Mwaju: Mimi hata huo wa 3 niliukaa wote. Mtu kukaa na huzuni yake bila kusogea ni jambo la kweli, wahakiki wanataka kila siku kitu kitokee. Hapo sikubaliani nao na sitakubaliana

Mama Tausi: Na hiyo ndiyo raha ya kumjua mhakiki dada. Ukishajua fulani anapenda mbio, akiiponda sizoni kwasababu inaenda taratibu unajua wewe utaipenda

Bibi (ujumbe wa sauti): Nawasikiliza hapa. Mimi nauliza, hiyo ya wafalme na majoka, mliyokuwa mnagombania mpaka mkanuniana, hao watu wa alama walisemaje mwisho wake?

Salim: bibi shikamoo!! Game of Thrones. msimu wa 8, 2019. ngoja niwaelezee, ulikuwa na episodi sita tu, mbili za mwanzo wahakiki walizisifia, halafu ikaanza kuporomoka mpaka ya mwisho wengi wakaiponda. watu zaidi ya milioni moja wakasaini kwenye mtandao kuomba msimu mzima uandikwe upya. na mwaka huohuo msimu huohuo ukachukua Emmy ya tamthilia bora. sasa hapo nani alikuwa sahihi

Mama Tausi: Wote kwa namna yao. Wapiga kura wa Emmy ni watu wa fani, wanaangalia kazi iliyomwagwa pale, kamera, mavazi, vita vya usiku. Mtazamaji anaangalia kama binti aliyemfuata miaka nane amegeuka kwa sababu inayoeleweka. Na haikueleweka, iliharakishwa. Vitabu vya George R. R. Martin vilikuwa havijaisha, cha tano kilitoka 2011 na sizoni ikavipita, kuanzia hapo wakawa wanajiandikia wenyewe

Mjomba Hamisi: Ndiyo maana naiogopea Shōgun. Ile ya 2024 ilizoa Emmy 18 kwa msimu mmoja, haijawahi kutokea. Lakini kitabu walichokuwa wanakifuata kimeisha pale pale. Ilitangazwa kuwa ya msimu mmoja, baada ya sifa zile wakasema inaendelea. Sasa itaendelea na nini

Neema: Mjomba umegonga penyewe. Sifa za wahakiki nazo zinaweza kuiharibu kazi, kitu kilichopangwa kiishe hakiishi kwasababu kimesifiwa

Bibi (sauti): Hiyo ya Wajapani niliwekewa. Nzuri. Lakini maandishi ya chini yanakimbia, nikisoma sioni sura, nikitazama sura sijasoma. Msiniwekee tena ya hivyo tukiwa wote.

Mjomba Hamisi: Sawa mama tumekusikia, ya maandishi hapana

Salim: tuangalie The Last of Us msimu wa 2 basi, wahakiki wameisifia sana. watazamaji ndo wamekasirika alama zao ziko chini kabisa kwasababu yule jamaa

Neema: SALIM

Mama Tausi: Salim futa

Shangazi Mwaju: Salim sijaiangalia!!

Salim: sijasema kitu bado 🙏🏾

Neema: Ila hapo pana jambo. Alama za watazamaji zikiwa chini kiasi kile wakati wahakiki wako juu, usikimbilie kusema wahakiki wamehongwa. Kuna watu wanaenda kumwaga nyota moja moja kabla hata episodi haijaisha, wengine hawajaiangalia kabisa, wana hasira na muigizaji au na kitu kimebadilishwa. The Rings of Power ilipotoka 2022 Amazon wanaoionyesha walizizuia kwanza maoni za watazamaji kwa saa 72 wazichuje. Lakini pia sio kila anayelalamika ni mbaya, kuna aliyeumizwa kweli na hadithi. Ndo maana soma maneno. Aliyeiangalia anataja tukio, anataja sura ya mtu ilivyokuwa. Ambaye hajaiangalia anatukana tu

Mama Tausi: Mimi nina pendekezo na nalitaka kwa moyo wote. Adolescence. Imetoka Machi 2025, episodi nne tu kwahiyo hakuna kuvutwa. Wahakiki karibu wote waliipenda na hii sio ile ya sita sita, walioandika walikuwa wametikisika. Kijana wa miaka 13 anakamatwa asubuhi nyumbani kwao kwa kumuua msichana wa shule. Kila episodi imepigwa kwa pumzi moja, kamera haikati tangu mwanzo mpaka mwisho, saa nzima. Kuna mahali mwisho wa episodi ya pili kamera inatoka shuleni inafungwa kwenye droni hapo hapo, inaruka juu ya nyumba, inashuka mpaka usoni kwa baba yake, na hujaona ilipobadilishwa mkono. Lakini sio ufundi unaoniuma, ni kwamba kwa vile hawakati huna pa kupumzikia, unakaa na wale wazazi chumba kile mpaka mwisho

Neema: Na yule mtoto Owen Cooper ilikuwa kazi yake ya kwanza kuigiza, akachukua Emmy ana miaka 15. Baba mtu ni Stephen Graham, ndiye aliyeiandika pamoja na Jack Thorne. Uingereza ilifika mpaka wakaruhusu shule za sekondari ziionyeshe bure

Mjomba Hamisi: Alama zake ngapi

Shangazi Mwaju: Hamisi 😩

Mjomba Hamisi: Nauliza tu dada yangu

Mama Tausi: Kaka mimi nina vijana wawili ndani wanafunga mlango na simu. Sihitaji alama. Nataka tuiangalie wakubwa wote kwanza, halafu mimi nikae nao niiangalie tena pamoja nao

Bibi (sauti): Tuanze hiyo. Wanaongea lugha gani?

Neema: Kiingereza bibi, cha kaskazini mwa Uingereza, kinakimbia kidogo. Nitakaa karibu nawe nikutafsirie pale inapobidi

Bibi (sauti): Basi haya.

Mjomba Hamisi: Ijumaa saa 3 usiku kila mtu kwake, mbili Ijumaa mbili Jumamosi. Na asisome mtu uhakiki mpaka Jumamosi zimeisha, tukimaliza ndio tuwasome wote tuone nani aliona tulichoona sisi

Salim: mimi nilishaiangalia nikae kimya au

Mama Tausi: Kimya kabisa mpaka Jumapili

Salim: 🤐