HOA wamenipa siku 10 niondoe dishi juu ya paa. Wakuu naomba ushauri

MtegaMawimbi
Wakuu habari za muda huu. Nipo Texas, mwaka jana nilinunua nyumba, hizi za safu ambazo ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Wiki tatu zilizopita nilipanda paani mwenyewe nikafunga dishi la sentimita 90. Lilinila Jumamosi nzima. Mimi juu nasukuma kidogo kushoto, mke wangu sebuleni anapaza sauti "imekuja! imepotea! imekuja!" hadi jirani akatoka kuuliza kama kuna msiba.

Juzi nimekuta barua mlangoni kutoka chama cha wenye nyumba, HOA. Wanasema dishi linaharibu sura ya mtaa, sikuomba kibali, na siku 10 zikipita litakuwa bado lipo, faini dola 25 kwa kila siku. Mwisho wameongeza kwamba hata kanuni za mipango miji za manispaa haziruhusu dishi kuonekana kutoka barabarani.

Kazini kuna jamaa ananiambia sheria ya shirikisho inanilinda, nisiwajibu kabisa. Sasa hapo kuna HOA, kuna mji, kuna shirikisho. Nani anamzidi nani? Sitaki ugomvi maana hawa watu nitaishi nao, ila kuonewa nako sitaki.

Kijiti
Usitoe! Nyumba yako, mkopo unalipa wewe, dishi lako. Wakija waambie waende FCC, ile tume ya mawasiliano ya shirikisho.

Bi_Kanuni
@MtegaMawimbi pole. Jamaa yako wa kazini yuko sahihi nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo huwa inawatia watu hasara.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mawasiliano, na kifungu chake cha 207 kikaiagiza FCC izuie vikwazo vinavyomnyima mtu kupokea matangazo kwa antena yake nyumbani. FCC wakatunga kanuni inayoitwa OTARD, ikaanza kazi tarehe 14 Oktoba 1996. Kanuni hiyo inaifunga serikali ya jimbo, manispaa na mipango miji yake, HOA, na hata mwenye nyumba aliyekupangisha. Kwa hiyo jibu la "nani anamzidi nani" ni hilo: kwenye jambo hili shirikisho liko juu ya wote wawili.

Kikwazo hakifai kikifanya moja ya haya: kukuchelewesha au kukuzuia kufunga bila sababu ya msingi, kukuongezea gharama isiyo na sababu, au kukufanya usipate mawimbi ya ubora unaokubalika. Kukutaka uombe kibali kwanza kwa kawaida ni kukuchelewesha, kwa hiyo hawaruhusiwi, isipokuwa kwa sababu ya usalama au kwenye majengo ya kihistoria. "Linaharibu sura ya mtaa" peke yake si sababu. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba kikwazo chao ni halali ni wao wanaoubeba, si wewe.

Ila dishi lazima liwe la mita moja au chini ya hapo, upana wake. Sentimita 90 unapita. Ukifunga lile la mita 1.2 kinga hiyo huna, labda uhamie Alaska, maana huko ukubwa wowote unakubalika.

Kijiti
Si nilisema!

fundi_kebo
Kabla hamjashangilia. Mkuu, hilo paa ni la nani?

MtegaMawimbi
@fundi_kebo langu. Nyumba si nimenunua?

fundi_kebo
Kununua nyumba ya safu si lazima uwe umenunua paa lake. Tafuta yale makaratasi mengi uliyotia saini siku ya kukabidhiwa funguo, ambayo hakuna mtu anayasoma. Angalia sehemu inayosema mali ya pamoja ni ipi, na eneo la matumizi yako peke yako ni lipi. OTARD inakulinda pale tu ambapo mahali ulipofunga ni pako, au umepangishwa, na una matumizi ya peke yako au mamlaka ya peke yako juu yake. Nimefunga madishi miaka mingi, na kesi nilizoona watu wakishindwa haikuwa kwa sababu ya ukubwa wa dishi. Ilikuwa paa.

MtegaMawimbi
Duh. Nimekesha nayo. Kurasa 64.

Imeandikwa hivi: paa, kuta za nje na msingi ni mali ya pamoja, chama ndicho kinachozitunza. Kibaraza cha nyuma na kile kiuwanja kidogo ndani ya uzio ni "kwa matumizi ya peke yake ya mwenye nyumba husika".

Kwa hiyo nimekwisha?

Kijiti
Lakini analipa mkopo wa nyumba nzima jamani, pamoja na paa!

Bi_Kanuni
@Kijiti analipia na haki ya kutembea kwenye bustani ya mtaa, lakini hawezi kupanda mahindi pale. Mali ya pamoja ni hivyo.

@MtegaMawimbi hujaisha, umehama tu. Juu ya paa hilo huna kinga, wanaweza kukutaka uliondoe. Ndani ya uzio wako kinga unayo, na pale hawawezi kukuambia "omba kibali" wala kukukatalia kwa sababu tu "linaonekana barabarani". Kwa hiyo usianze kwa kuwarushia kanuni usoni kuhusu paa, watakujibu kwa karatasi zako mwenyewe. Waandikie kwamba unalihamishia eneo lako la matumizi ya peke yako, taja kanuni ya FCC, yaani kifungu 1.4000 katika kitabu cha 47 cha kanuni za shirikisho, kisha omba wiki mbili za kuhamisha. Barua ya nusu ukurasa inatosha. Watu huandika kurasa nne za hasira halafu hoja inapotea humo ndani.

Hilo la manispaa pia lisikuogopeshe. Mji nao umefungwa na kanuni ileile. Unachoweza kukutana nacho mjini ni masharti ya usalama, kwa mfano mlingoti unaopanda zaidi ya futi 12 juu ya paa, huo wanaweza kuudai kibali. Dishi la kibarazani halifiki huko.

Mpangaji_3B
Samahani nadandia uzi. Mimi ni mpangaji, ghorofa ya tatu, nina roshani. Mwenye nyumba ameandika kwenye mkataba "hakuna dishi". Hiyo kanuni inanihusu au ni ya wenye nyumba tu?

Bi_Kanuni
Inakuhusu. Mwanzo haikuwa hivyo, ila tangu Januari 1999 wapangaji waliingizwa, kwa maeneo wanayotumia peke yao kama roshani. Lakini dishi lisitokeze nje ya kingo za roshani, maana hewa iliyo nje ya kingo si yako. Na mwenye nyumba anaruhusiwa kukukataza kutoboa ukuta wa nje, kwa sababu ukuta hujaupanga. Fundi atakwambia habari za stendi na kebo bapa ya kupita dirishani.

Jambo moja tu: kama jengo lina antena ya pamoja inayokupa huduma ileile unayoitaka, kwa ubora uleule na bila kukuzidishia gharama, wanaweza kukuzuia kufunga yako.

fundi_kebo
@Mpangaji_3B roshani yako inatazama wapi?

Mpangaji_3B
Kaskazini.

fundi_kebo
Basi sheria unayo, satelaiti huna. Satelaiti za televisheni zimesimama juu ya ikweta, karibu kilomita 35,786 kutoka ardhini, na ukiwa Marekani ikweta iko kusini. Roshani ya kaskazini inatazama kisogo. Hakuna mahakama itakayokusogezea anga. Chukua antena ya kawaida ya chaneli za bure za hapo mjini, ile ya miiba, nayo inalindwa na kanuni hiyohiyo na haina kikomo cha ukubwa. Kama shida yako ni intaneti, zile satelaiti zinazopita chini zinazunguka, hazikai ikweta, kwa hiyo roshani ya kaskazini inaweza kukufaa.

Redio_Mbao
Na mimi nadandia. Nina leseni ya redio ya amateur, yaani ya kujifurahisha si ya biashara, nataka mlingoti wa mita 12 nyuma ya nyumba. OTARD inanibeba?

Bi_Kanuni
Hapana, hiyo haimo kabisa. Kwenu kuna uamuzi mwingine wa FCC wa mwaka 1985, PRB-1, unaoitaka manispaa iwape nafasi ya kuridhisha. Ila unaifunga manispaa, hauifungi HOA. Kama upo kwenye HOA, soma karatasi zako kwanza. Fungua uzi wako tafadhali, huu utajaa.

MtegaMawimbi
Nimewaandikia. Kibaraza changu kinatazama kusini-magharibi, ila jirani wa nyuma ana mti. Na uzio wa mbao wa futi 6. Nina wasiwasi nitahamisha halafu nikose mawimbi kabisa, nibaki na nguzo.

fundi_kebo
Usichimbe kitu kabla ya kupima. Chukua kiti, kaa pale unapotaka dishi liwe, tumia programu ya simu inayoonyesha satelaiti zilipo angani. Kwa Texas, satelaiti iliyo karibu na kusini kabisa iko juu kwa takriban nyuzi 50. Hiyo ni habari njema kwako. Kwa nyuzi 50, ukirudi mita 4 kutoka kwenye mti, miale inapita zaidi ya mita 4 na nusu juu ya usawa wa dishi. Uzio wa futi 6 si kitu.

Usidanganywe na uso wa dishi. Haya madishi madogo yanasimama kama yanatazama ukuta wa jirani, kumbe macho yake yako juu zaidi ya uso kwa nyuzi ishirini na kitu. Watu wengi hukataa sehemu nzuri kwa sababu wanaona "litagonga uzio".

Nguzo: kama hutaki kuchimba, mimina zege kwenye ndoo kubwa, nguzo katikati, hakikisha imesimama wima kabisa. Nguzo ikiinama kidogo tu utasumbuka kutega hadi jioni, na mke wako atakauka koo.

Halafu waya wa ardhini, hapa sitanii. Nguzo na kebo zote mbili ziunganishwe na ardhi ya umeme ya nyumba, waya wa shaba usiopungua geji 10. Ukipiga msumari wako mwingine ardhini, lazima uuunganishe na ule wa nyumba kwa waya mnene, geji 6. Msumari unaokaa peke yake ni hatari kuliko watu wanavyodhani, maana radi ikipiga karibu, ardhi mbili zinakuwa na volti tofauti na tofauti hiyo inapitia kwenye king'amuzi chako. Na nguzo isiwe mahali ambapo ikianguka inagusa waya wa umeme. HOA wakikudai haya ya usalama wafuate, ni haki yao, mradi yameandikwa wazi na wanawadai wengine wenye vitu vya aina hiyo vilevile.

Kijiti
Na ile faini? Siku 10 zimebaki ngapi?

Bi_Kanuni
Swali zuri, leo umenifurahisha. Dishi likiwa kwenye eneo lake mwenyewe, akipeleka ombi FCC au mahakamani, faini haziruhusiwi kuendelea kujikusanya wakati shauri linasubiri, isipokuwa kikwazo ni cha usalama au cha jengo la kihistoria. Na hata akishindwa anapewa angalau siku 21 za kutii kabla ya kutozwa. Lakini hiyo haigusi paa. Kwa paa, atoe kabla ya siku ya 10 na yaishe.

MtegaMawimbi
Mrejesho wakuu.

Siku ya 8 nilipanda nikalishusha. Matundu manne ya skrubu nimeyaziba kwa lami na nimewapigia picha, maana nilijua wangeuliza, na waliuliza. Ndoo ya zege iko kibarazani, waya wa ardhini amefunga fundi wa umeme. Mawimbi yako vizuri kuliko yalivyokuwa paani, sijui kwa nini.

HOA wamejibu kwa adabu, faini hakuna. Ila wamesema dishi nilipake rangi ya kahawia ifanane na uzio. Hilo wanaweza?

Bi_Kanuni
Wanaweza, mradi rangi isiharibu mawimbi wala isikuingize kwenye gharama kubwa. Angalia tu kama kupaka kunaua waranti. Kama kunaiua, waandikie hivyo.

fundi_kebo
Rangi isiyong'aa na isiyo na chembe za chuma. Inayong'aa itakusanya jua kama kioo na kulimimina kwenye LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, uje uniambie plastiki imeyeyuka. Usipake LNB yenyewe.

MtegaMawimbi
Waranti ilishaisha, nilinunua la mkononi. Nimepaka jana, kahawia isiyong'aa, linafanana na uzio hadi paka wa mtaa amejaribu kulirukia.

Yule jirani wa msiba amekuja tena. Anataka nimfungie lake juu ya paa. Nimemwambia akalete kwanza zile kurasa 64.